Moyo Unadunda Tangu Uache Ugali: Supu, Mboga, Dafu au Vidonge?

Siku ya nne bila wanga niliinuka kutoka sujudu ya alfajiri, ukuta wa mbele ukayumba. Moyo nilikuwa nausikia shingoni. Nikamaliza swala nimekaa, kisha nikashika kifundo cha mkono na kuhesabu kwa saa ya ukutani: mapigo 74 kwa dakika. Nikasimama, nikasubiri dakika moja, nikahesabu tena: 112. Nyumbani wakasema ni njaa. Njaa itoke wapi, na usiku nilikuwa nimekula mayai manne na nyama choma ya kutosha watu wawili?

Kilichopungua ni chumvi. Nilichukua wiki mbili kulijua hilo, kwa sababu kila niliyemuuliza alinipa dawa yake. Mmoja alisema supu ya makongoro, wa pili madafu, wa tatu mboga za majani na mbegu za maboga, wa nne akanitumia picha ya kopo la chumvi ya potasiamu. Wote walikuwa na hoja, na kila mmoja alikuwa anamjibu mtu tofauti. Nimeziweka njia hizo nne kwenye mizani moja ili uone ipi inamhusu nani.

Kilichotoka mwilini

Ukipunguza wanga sana, tuseme chini ya gramu 50 kwa siku, insulini hushuka. Insulini ndiyo iliyokuwa ikiiambia figo ishike chumvi. Ikishuka, figo inaachia, na chumvi ikitoka maji huifuata. Hapo hapo ini na misuli vinamaliza akiba yake ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo huwa imekaa na takriban gramu 3 za maji. Zile kilo mbili zinazopotea wiki ya kwanza, ambazo watu huzipigia picha kwenye mzani, nyingi ni maji na chumvi.

Damu ikipungua ujazo, moyo hufidia kwa kwenda mbio, hasa unaposimama. Ikiendelea hivyo, mwili hutoa homoni ya aldosteroni ili ung'ang'anie sodiamu iliyobaki, yaani madini yaliyo ndani ya chumvi, na gharama yake hulipwa kwa potasiamu inayotoka kwenye mkojo. Magnesiamu nayo ikiwa chini, figo huvujisha potasiamu hata ukiinywa, ni kama kujaza ndoo iliyotoboka.

Potasiamu ndiyo yenye neno la mwisho kwenye umeme wa moyo. Asilimia 98 hivi ya potasiamu ya mwili imo ndani ya seli. Iliyo kwenye damu ni kidogo mno, na inatakiwa ibaki kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita. Ikishuka sana, mapigo huvurugika. Ikipanda sana, moyo unaweza kusimama. Ukikumbuka kwamba hatari iko pande zote mbili, utaelewa kwa nini njia hizi nne hazilingani.

Kabla ya kuchagua, jua pia moyo wako unafanya nini hasa. Moyo ukienda mbio unaposimama na kutulia unapokaa, anza kushuku maji na chumvi. Ukihisi pigo linaruka mara moja moja, kama samaki anajipindua kifuani, inaweza kuwa potasiamu au magnesiamu, na inaweza pia kuwa kahawa au kukosa usingizi. Ukitokwa jasho na kutetemeka, nawe unachoma insulini au unameza vidonge vya kisukari vya glibenclamide, pima sukari kwanza, huenda imeshuka. Na moyo ukikimbia bila mpangilio ukiwa umetulia, au ukizimia, au kifua kikibana na pumzi kukatika, acha kusoma ulinganisho. Nenda hospitali wakupime umeme wa moyo na madini ya damu siku hiyo hiyo.

Mizani yenyewe

Kila njia nimeiuliza maswali yale yale: inaleta madini gani, inakuja na wanga kiasi gani, ukizidisha nini kinatokea, inapatikana kwa urahisi gani, na inamfaa nani. La tatu ndilo nimelipa uzito zaidi. Watu wengi hulisahau, halafu hujuta.

Njia ya kwanza: supu yenye chumvi

*Inaleta nini.* Sodiamu na maji, basi. Wapo wanaoamini mifupa huachia madini mengi ikichemka saa nne, lakini kinachotoka kwa wingi ni ule ulimbo unaogandisha supu ikipoa. Magnesiamu na kalsiamu huwa kidogo. Nguvu ya supu iko kwenye chumvi unayotia wewe. Kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa kina gramu 6 hivi, sawa na miligramu 2,300 za sodiamu, kwa hiyo robo kijiko kwenye bakuli ni kama miligramu 575.

*Wanga.* Hakuna, mradi usitie viazi wala ndizi. Vile vidonge vya kuongeza ladha ya supu vihesabu kama chumvi, maana sehemu kubwa ya kidonge ni chumvi.

*Ukizidisha.* Hapa wataalamu wanavutana. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani gramu 2 za sodiamu. Baadhi ya madaktari wa Marekani wanaosimamia wagonjwa wa keto, yaani lishe ya wanga kidogo mno, huwapa gramu 3 hadi 5 za sodiamu, ambayo ni chumvi gramu 7.5 hadi 12.5. Ukisoma haraka utadhani mmoja wao anadanganya. Ukweli ni kwamba wanaongea na watu wawili: yule wa kwanza anakula mkate na ugali na figo zake zinashika chumvi, wa pili hali wanga na figo zake zinaimwaga. Shida iko kwa mtu wa tatu, yule mwenye presha ambaye hajawahi kupima. Huyo akijimiminia chumvi kwa sababu ameanza keto, anajitafutia kiharusi. Ndiyo maana nasema pima presha kwanza, chumvi baadaye.

*Kupatikana.* Makongoro, kichwa cha mbuzi, vichwa vya samaki, chochote kilichopo buchani au feri. Kuhusu chumvi ya waridi ya Himalaya inayouzwa kwenye vichupa vya bei mbaya, sodiamu yake haina tofauti ya maana na ya kawaida, ila nyingi haina iodini iliyoongezwa. Chumvi ya paketi ya dukani inayo. Nchi zetu ziliweka iodini kwenye chumvi ili kupambana na rovu, na sioni kwa nini mtu alipe zaidi ili aikose.

*Inamfaa nani.* Mtu wa wiki ya kwanza na ya pili, asiye na presha, figo wala moyo mgonjwa, ambaye dalili yake ni kizunguzungu na mapigo kupanda akisimama. Mimi nilikuwa huyo. Bakuli mbili kwa siku, na siku ya tatu hesabu yangu ya kusimama ilikuwa 88.

Njia ya pili: mboga, parachichi na mbegu

*Inaleta nini.* Potasiamu na magnesiamu kwa pamoja, jambo ambalo supu haiwezi. Mchicha uliopikwa, gramu 100, una potasiamu takriban miligramu 600 na magnesiamu 55. Gramu 100 za parachichi zina potasiamu 485 hivi. Konzi ya mbegu za maboga zilizomenywa, gramu 30, inakupa magnesiamu miligramu 160 hivi, karibu nusu ya anayohitaji mwanamke kwa siku. Samaki naye anachangia potasiamu zaidi ya wengi wanavyodhani.

*Wanga.* Kidogo. Mchicha una gramu 4 kwa 100, na parachichi lina 8 na ushei, nyingi zikiwa nyuzinyuzi. Linganisha na ndizi mbivu, ambayo kila mtu huitaja ukisema potasiamu: gramu 100 zina potasiamu 358 tu, na wanga gramu 23. Korosho ziangalie, maana gramu 30 zina wanga gramu 9 hivi, na nani aliyewahi kula korosho gramu 30 akaacha?

*Ukizidisha.* Mwenye figo nzima ni vigumu kujidhuru kwa mchicha. Potasiamu ya chakula huingia polepole, figo hupata muda wa kuitoa. Mwenye figo mbovu ni habari nyingine, hata mboga kwake zina kipimo.

Jambo moja la jikoni ambalo halisemwi vya kutosha: potasiamu huyeyuka majini. Ukichemsha mboga na kumwaga maji yake, sehemu kubwa ya ulichotafuta imeenda kwenye karo. Kaanga kwa mafuta, au pika kwa tui na ule na mchuzi wake. Cha ajabu, mgonjwa wa figo huelekezwa kufanya kinyume, achemshe na kumwaga, kwa sababu hiyo hiyo. Kuhusu magadi ya kulainisha mboga: yanaongeza sodiamu bila potasiamu yoyote, na magadi ya kaskazini mwa Tanzania yamejulikana miaka mingi kwa floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa. Yaache.

*Kupatikana.* Sokoni kila siku, kwa bei ya fungu. Shida ni wingi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku, na huwezi kufika kwa kijiko cha mchicha pembeni ya nyama. Sahani inatakiwa igeuzwe, mboga zichukue nafasi iliyokuwa ya ugali. Wengi wetu tukiacha wanga tunaacha pengo, halafu tunalijaza nyama.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani makumi ya watu, wengi wao wanawake, walikufa wakipunguza uzito kwa kunywa protini ya maji iliyotengenezwa kwa ngozi na kano za ng'ombe. Vipimo vya umeme wa moyo vya baadhi yao vilionyesha moyo unachelewa kujichaji upya kati ya pigo na pigo. Lishe ile ilikuwa njaa iliyovaa joho la protini, tofauti na keto ya mayai na samaki. Lakini kila nikimwona mtu anaishi kwa nyama na kahawa tupu miezi mitatu, huwa naikumbuka.

*Inamfaa nani.* Anayekusudia kukaa na lishe hii miezi. Haimfai anayetaka kizunguzungu kiishe leo jioni.

Njia ya tatu: dafu na ORS

*Inaleta nini.* Hivi viwili watu huvichanganya, na ni kama kinyume. Dafu ni potasiamu: glasi moja ina miligramu 600 hivi, na sodiamu yake ni kidogo na hubadilika kutoka nazi moja hadi nyingine. ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji mtu akihara, ni sodiamu kwanza: mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu 2002 una sodiamu milimoli 75 kwa lita, kama miligramu 1,700, na potasiamu milimoli 20, kama miligramu 780. Kwa hiyo mtu anayeyumba kwa kukosa chumvi akinywa dafu, anafurahisha koo tu.

*Wanga.* Glasi ya dafu huwa na sukari gramu 6 hadi 12, kutegemea ukomavu wa nazi. Lita ya ORS ina glukosi gramu 13.5. Wenye keto kali huiogopa ORS, nami naona wanakosea, kwa sababu glukosi hiyo ndiyo inayoivuta sodiamu ipite kwenye utumbo. Ukiwa unaharisha, usihesabu wanga. Kunywa.

*Ukizidisha.* Mwaka 2014 jarida moja la madaktari wa moyo lilieleza kisa cha mwanamume aliyecheza tenisi siku nzima juani na kunywa chupa 8 za maji ya nazi. Alizimia kwa potasiamu iliyopanda. Dafu moja au mawili kwa mwenye figo nzima hayana neno. Kunywa dafu kutwa kama maji, huku ukijua una ugonjwa wa figo au unameza dawa za presha, ni jambo jingine.

*Kupatikana.* Dafu pwani liko kila kona, bara lina bei yake. ORS ipo kila duka la dawa, lakini soma pakiti: ipo ya kuchanganya na lita moja na ipo ya nusu lita. Kosea hapo, unakunywa chumvi mara mbili.

*Inamfaa nani.* ORS ni ya siku mbaya, yaani kuhara, kutapika, homa, au kazi ya jua kali. Dafu ni la anayekula wanga wa wastani na anaweza kulihesabu kwenye siku yake.

Njia ya nne: vidonge na unga wa madini

*Inaleta nini.* Unachokitaka, kwa kipimo kilichoandikwa. Magnesiamu huja kwa sura kadhaa: ya oksaidi ni rahisi ila hufyonzwa kidogo na huendesha tumbo, ya sitrati na ya glisini hufyonzwa vizuri zaidi. Chumvi ya potasiamu, yaani kloridi ya potasiamu, huuzwa peke yake au ikichanganywa na chumvi ya kawaida.

*Wanga.* Hakuna, isipokuwa zile poda za wanamichezo zenye sukari. Geuza kopo usome.

*Ukizidisha.* Swali hili ndilo lililonifanya niandike haya yote. Kijiko kimoja cha chai cha kloridi ya potasiamu kina takriban gramu 2.5 hadi 3 za potasiamu, inayoingia mara moja, bila nyuzinyuzi wala kitu cha kuichelewesha. Ni karibu mahitaji ya siku nzima kwenye gilasi moja.

Nilimsindikiza mama mkubwa duka la dawa, amesikia hiyo chumvi inashusha presha. Mfamasia, kijana mdogo kabisa, hakuitoa kwenye rafu.

"Mama shikamoo. Unatumia dawa gani za presha?"

"Marahaba mwanangu. Natumia losartan, asubuhi moja."

"Na figo ulipima lini?"

"Figo? Mimi naumwa presha."

"Basi hii tuiache kwanza mama, mpaka tuone majibu ya figo. Dawa yako yenyewe inashikilia potasiamu. Tukiongeza na hii, moyo utapata shida."

Mama mkubwa alinuna mpaka nyumbani. Lakini kijana alikuwa sahihi. Losartan na ndugu zake, enalapril, lisinopril na captopril, pamoja na spironolactone, zote hupandisha potasiamu. Cotrimoxazole pia, dawa ya kuzuia maambukizi, ambayo kwetu watu wengi huimeza kila siku. Na dawa za maumivu kama diclofenac zikitumika mfululizo huidhoofisha figo inayotakiwa kuitoa.

Haki yake ipewe pia: chumvi iliyochanganywa ina faida ya kweli kwa anayeiweza. Utafiti uliofanyika vijijini China na kutolewa 2021, kwenye vijiji 600 na watu karibu 21,000, ulitumia chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu, na viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Ila wenye ugonjwa mkubwa wa figo na wanaotumia dawa za kukojosha zinazoshikilia potasiamu, kama spironolactone, hawakuingizwa kwenye utafiti huo. Sentensi hiyo ya pili huwa haifiki kwenye matangazo.

Magnesiamu ina huruma zaidi: ukizidisha, tumbo huendesha. Lakini kuhara nako kunatoa potasiamu, ukajikuta umerudi ulikotoka. Kwa vidonge, mwongozo wa Marekani ni kutopita miligramu 350 kwa siku bila daktari. Mwenye figo mbovu asiguse bila kuulizia.

*Kupatikana.* Mijini zipo, na bei hutofautiana kupita kiasi kwa kitu kile kile. Lipia sura ya magnesiamu, usilipie picha ya msuli kwenye kopo.

*Inamfaa nani.* Aliyepimwa akaonekana anapungukiwa. Pia anayemeza omeprazole miezi kwa miezi au dawa za kukojosha kama furosemide na hydrochlorothiazide, kwani hizo huondoa magnesiamu, na mbili za mwisho huondoa na potasiamu. Vipimo vya damu vya magnesiamu navyo vina mpaka, maana chini ya asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili iko kwenye damu. Majibu mazuri hayakuhakikishii akiba.

Kwa hali yako

*Wiki ya kwanza, mzima wa afya, unayumba ukisimama.* Supu, robo kijiko cha chumvi kwa bakuli, asubuhi na jioni. Hesabu mapigo umekaa na umesimama. Yakiendelea kupanda kwa 30 au zaidi baada ya siku tatu nne, rudisha wanga kidogo, kiazi kitamu kimoja au ndizi mbili za kuchemsha, na uende ukapimwe. Lishe ya gramu 100 za wanga ni halali kabisa, na chumvi inayopotea hapo ni ndogo.

*Mwezi wa pili, misuli ya mguu inakaza usiku, pigo linaruka.* Geuza sahani kwanza: mboga nyingi, parachichi kila siku, konzi ya mbegu. Punguza kahawa. Wiki mbili bila nafuu, pima potasiamu, magnesiamu na figo kabla ya kununua kopo lolote.

*Unatumia dawa za presha.* Usiongeze chumvi wala potasiamu kwa kubahatisha. Presha yenyewe huenda ikashuka kwa sababu ya lishe, na kizunguzungu chako kikawa kinatokana na dozi ambayo sasa ni kubwa mno. Hilo hurekebishwa na aliyekuandikia dawa.

*Una kisukari.* Insulini na glibenclamide zipunguzwe na daktari kabla hujaacha wanga, siyo baada ya kuanguka. Ukiwa kwenye vidonge vya kisukari vya dapagliflozin au empagliflozin, keto kali usiianze peke yako, kwani tindikali ya damu inaweza kupanda hata sukari ikionekana nzuri.

*Unafunga Ramadhani na wanga umepunguza.* Supu yenye chumvi iwe ya daku, siyo ya futari peke yake, maana mchana ndio mrefu. Dafu lisubiri magharibi, na tende moja haitakuharibia chochote.

*Malaria imekukamata katikati ya lishe.* Hapa simama. Dawa mseto yenye lumefantrine inaweza kurefusha muda wa moyo kujichaji, na maelekezo yake yanatahadharisha kwa mtu ambaye potasiamu au magnesiamu yake iko chini. Mwambie anayekutibu kwamba umekuwa bila wanga, umekuwa hivyo kwa muda gani, na kama moyo ulikuwa unaruka. Kunywa ORS, meza dawa pamoja na chakula chenye mafuta, na wiki hiyo kula uji.